Kabureta mbili za SU HS4 za mtumba kwenye MGB ya 1966: nikague nini kabla ya kufunga, na nizitune vipi?

Spoku72 (Arusha)

Wakuu, heshima kwenu.

Gari ni MGB ya 1966, injini 18GB, cc 1798. Aliyekuwa nalo kabla yangu aling'oa kabureta zake mbili akaweka Weber moja ya 32/36 DGV. Sasa nimepata seti ya mtumba ya SU HS4 mbili pamoja na manifoldi yake ya kuingizia hewa. Naomba ushauri kabla sijafunga, maana nimeona haya:

- Shafti ya kipepeo (bati linalofungua na kufunga njia ya hewa) kwenye kabureta ya nyuma inacheza juu na chini. Ya mbele inacheza kidogo sana.
- Sindano ya mbele imegongwa namba 5, ya nyuma imegongwa FX.
- Kila kabureta ina kijibomba kimetokeza kwenye bodi, kinene kama kidole. Sijui kinaenda wapi.
- Kipepeo cha nyuma kina kijivali chenye springi katikati. Cha mbele ni bati tupu.

Pampu ya petroli ni ya umeme lakini si ya asili, ilishabadilishwa. Plagi ni mpya, NGK BP6ES. Gari linakaa Arusha ila linashuka Tanga mara kwa mara, kwa hiyo nataka pia kujua kama kuna cha kurekebisha likifika kule chini.

---

Mkerezaji

Mkuu, anza na hiyo shafti. Mpaka itengenezwe, kutuna ni kupoteza petroli tu.

SU inapima mafuta kwa hewa inayopita chini ya pistoni yake: sindano iliyofungwa chini ya pistoni inaingia kwenye jeti, yaani tundu la petroli. Hewa inayoingia pembeni ya shafti iliyolika haijapita hapo, kwa hiyo sindano haiijui. Ubaya ni kwamba inaingia zaidi kipepeo kikiwa kimefungwa, kwa sababu wakati huo ndipo injini inavuta kwa nguvu. Gari litatetemeka kwenye sailensi (injini ikizunguka bila kukanyaga aksileta), utashusha jeti ili kufidia, litatulia, halafu barabarani litakuwa linakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi.

Badilisha shafti kwanza, kwa sababu yenyewe ni shaba na mara nyingi ndiyo iliyolika kuliko bodi. Ingiza mpya na uitikise ikiwa kavu. Ikiwa bado inacheza, bodi inataka bushi. Kazi hiyo apewe mtu mwenye mashine ya kukereza, na matundu yote mawili yatobolewe bodi ikiwa imefungwa mara moja tu, bila kugeuzwa. Akitoboa upande mmoja kwa drili ya mkono kisha akageuza, matundu hayatakaa kwenye mstari na shafti itakaza. Bushi isitokeze ndani ya koo la kabureta, itazuia kipepeo kufunga.

Kutoa kipepeo: skrubu zake mbili zimepasuliwa ncha na kutanuliwa ili zisilegee. Zibane ncha kwanza kwa koleo ndogo ndipo ufungue, la sivyo utararua nyuzi za shafti. Weka alama kipepeo kilivyokaa, kwa sababu kingo zake zimekatwa kimshazari na kinafunga vizuri kwa namna moja tu. Wakati wa kurudisha, acha skrubu legevu, funga kipepeo kijiweke katikati chenyewe, kaza, halafu angalia kwenye mwanga. Usione mwezi mwandamo upande wowote. Tumia skrubu mpya na utanue ncha zake. Ikichomoka moja haina pa kwenda ila ndani ya silinda.

Hicho kipepeo chenye kijivali kitoe, weka bati tupu kama la mbele. Kijivali kiliwekwa kupunguza moshi ukiachia aksileta ghafla. Springi yake ikichoka kinavuja muda wote, na sailensi haishuki hata ufanyeje. Wapo wanaokiziba kwa risasi ya kuchomelea. Inafaa, lakini mimi napenda pande zote mbili zilingane.

Halafu usichanganye makuba (vifuniko vya juu vya kabureta) na pistoni. Kila kuba lilichaguliwa kiwandani pamoja na pistoni yake. Safisha kwa petroli na kitambaa laini, msasa usiguse kabisa. Jaribio lake: ziba matundu mawili ya chini ya pistoni kwa udongo wa kuchezea, funga dampa (kifimbo cha juu ya kuba kinachotuliza pistoni kwa oili) bila oili, shika pistoni kichwa chini, vuta kuba juu yake kisha liachie. Kwa saizi ya HS4 linapaswa kushuka kwa sekunde 5 hadi 7. Likidondoka haraka limelika, likikwama lina uchafu au limebonyea.

---

Dada Spana

Mkerezaji kamaliza habari ya shafti. Niseme vijibomba na sindano, kwa sababu hivyo viwili vitamsumbua zaidi siku ya kuwasha.

Kaka, kabureta zako hazikuzaliwa pamoja na injini yako. Zenye kijibomba pembeni ni za MGB za mwishoni mwa miaka ya 1960 kuendelea: vijibomba vilikutana kwa mpira wa umbo la Y na kuvuta mvuke wa oili kutoka kwenye injini. Injini yako ya 18GB hufanya kazi hiyo kwa vali ya Smiths, ile ya duara kama kisahani, iliyokaa juu ya manifoldi. Chagua mfumo mmoja. Ukibaki na vali ya Smiths, ziba vijibomba vyote viwili kwa vifuniko vya mpira imara na klipu. Ukitumia vijibomba, ondoa vali na uzibe tundu lake la manifoldi, na uweke kifuniko cha oili chenye kitundu kidogo cha kupitishia hewa, la sivyo utakuwa unavuta bila kuingiza. Kuacha kijibomba kimoja wazi ni sawa na kutoboa manifoldi. Diafragimu ya vali ya Smiths ikipasuka inaleta ugonjwa huohuo, kwa hiyo ifungue uitazame.

Sindano lazima zifanane. 18GB ilitoka na namba 5. FX ni ya injini zilizofuata. Nunua jozi mpya ya namba 5 na jeti mpya mbili za 0.090. Usinunue sindano bila jeti, kwa sababu sindano iliyokuwa inasugua imeshafanya tundu la jeti kuwa yai, na hapo hakuna nati itakayokusaidia. Jeti za HS zina mkono: ya mbele si ya nyuma, angalia mrija wa nailoni unavyoelekea kwenye bakuli la petroli lenye boya. Mwishoni mwa mrija kuna nati, washa na kijiraba. Kijiraba kikikaa vibaya, kabureta inadondosha petroli juu ya ekzosti, na kwenye MGB ekzosti iko chini yake moja kwa moja. Hilo ni suala la moto.

Springi za pistoni ziwe nyekundu zote mbili. Ukikuta rangi tofauti, au mtu amezikata ili "ziwe nyepesi", tupa.

Sasa kufunga. Mpangilio kutoka kwenye manifoldi: gasketi, kipande kinene cha kuzuia joto, gasketi, bati la kukinga joto, gasketi, kabureta. Bila kile kipande kinene petroli itachemka ndani ya bakuli ukizima gari mchana, na halitawaka mpaka lipoe. Kwenye manifoldi yenyewe kuna mtego: ya kuingiza na ya kutoa zinashirikiana stadi na washa kubwa. Kama bega la moja ni nene kuliko la nyingine, washa inakaa upande na moja itavuja. Pima kwa kalipa, na ukikuta tofauti peleka likachongwe, usitegemee gasketi mbili.

La mwisho, gasketi ya kisafisha hewa. Mdomo wa kabureta una vitundu viwili vidogo vinavyopeleka hewa chini ya pistoni. Gasketi ikigeuzwa inaviziba, pistoni haipandi vizuri, gari linakosa nguvu, na mtu anaanza kufungua jeti bure. Linganisha vitundu kabla ya kukaza.

---

Spoku72

Asanteni sana. Shafti na bushi zimefanyika pande zote mbili, vipepeo vyote sasa ni bati tupu, sindano namba 5 na jeti ni mpya, springi nyekundu. Vijibomba vimezibwa, vali ya Smiths ina diafragimu mpya. Gari limewaka, lakini:

1. Sailensi haishuki chini ya mizunguko 1,600 kwa dakika hata skrubu za sailensi zikiwa nje kabisa.
2. Bakuli la nyuma linamwaga petroli kwa bomba la juu, hasa kabla ya kuwasha, swichi ikiwa imefunguliwa tu.
3. Ukiachia aksileta kunalia pa-pa-pa kwenye ekzosti.

Jeti nimeziweka "kwa macho". Taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) sijaigusa.

---

Kuba na Sindano

Namba 2 kwanza. Petroli kumwagika injini ikiwa haijawaka maana yake vali ya boya haifungi. Sababu za kawaida ni tatu: uchafu kwenye vali, boya limeingia petroli au liko juu mno, au pampu inasukuma kwa nguvu kuliko vali inavyoweza kuzuia. Mimi nashuku pampu. Pampu ya SU ya gari hili ilikuwa ya PSI (paundi kwa inchi ya mraba) 2.5 hadi 3. Za kufungwa baadaye nyingi hupita hapo, na ile ya gari la injekta usiiguse kabisa. Weka geji kwenye bomba. Ikiwa zaidi ya 3, funga regyuleta na uishushe hadi 2.5. Usawa wa boya: geuza kifuniko cha bakuli kichwa chini ili boya lifunge vali kwa uzito wake, pitisha drili ya inchi 1/8 (milimita 3.2) kati ya mkono wa boya na mdomo wa kifuniko. Ipite ikigusa kidogo.

Namba 1. Ziba midomo ya kabureta zote mbili kwa viganja. Injini ikizima, hakuna hewa ya wizi. Vipepeo ndivyo vinavyoshikiliwa wazi, aidha na waya wa aksileta uliokaza au na vyuma vinavyounganisha kabureta. Ikiendelea kuzunguka, hewa inapita mahali pengine: gasketi za manifoldi, vali ya Smiths, bomba la servo ya breki kama lipo. Nadhani kwako ni vyuma. Legeza klempu zote za shafti ya kuunganishia, za aksileta na za choki, kila kabureta ijitegemee. Halafu angalia tena.

Namba 3 inaweza kuwa mafuta kidogo, au ekzosti inavuta hewa kwenye maungio. Iache mpaka umalize kutuna.

Na sasa taimingi. Hakuna kutuna SU kwenye gari ambalo moto wake haujulikani. Tapeti 0.015 injini ikiwa baridi, pointi 0.015, plagi 0.025 (zote ni inchi), mpangilio 1-3-4-2, na taimingi ya kusimama digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Hakikisha pia bomba dogo la vakyumu la distribyuta limefungwa kwenye kabureta yenye kitundu chake, na halijapasuka.

Baada ya hapo fuata hivi. Ondoa visafisha hewa.

Weka sindano katikati ya jeti. Hizi zako ni za kukaza moja kwa moja, si zile za springi zinazoegemea upande, kwa hiyo lazima. Bega la sindano liwe sawa na uso wa chini wa pistoni. Fungua kiungo cha choki kwenye jeti, pandisha jeti juu kabisa, legeza nati kubwa inayoshika kikombe cha jeti mpaka kizunguke kwa vidole, bonyeza pistoni chini kwa penseli laini kupitia juu ya kuba, kisha kaza nati huku bado umebonyeza. Inua pistoni, iachie. Isikike "tak" ya chuma. Rudia jeti ikiwa imeshushwa. Kama sauti ni kali zaidi jeti ikiwa chini, bado inasugua, anza upya.

Mahali pa kuanzia: kunja nati ya jeti juu mpaka jeti iwe sawa na daraja la kabureta (sakafu ya koo ambako pistoni inatua), kisha ishushe pande 12 za nati, yaani mizunguko miwili kamili. Zote mbili sawa. Skrubu za sailensi zifungue mpaka vipepeo vifunge kabisa, halafu kaza mzunguko mmoja na nusu kila moja.

Washa, injini ipate joto lake la kazi. Sasa linganisha hewa. Kama una kipimo cha hewa, vizuri. Kama huna, mpira wenye upana wa ndani wa milimita 6 hivi unatosha: ncha moja sikioni, nyingine mahali palepale kwenye mdomo wa kila kabureta. Geuza skrubu za sailensi mpaka mvumo ulingane na injini iwe karibu 800.

Ndipo uende kwenye mafuta. Geuza nati zote mbili kwa kiasi kilekile, upande mmoja mmoja, mpaka injini izunguke haraka zaidi bila kutetemeka, kisha rudisha 800 kwa skrubu. Jaribu kila kabureta kwa pini ya kuinulia pistoni iliyo chini pembeni. Inua kidogo tu, kama milimita 0.8, ukitoa kwanza nafasi tupu ya pini:

– mzunguko ukipanda na kubaki juu, mafuta ni mengi: pandisha jeti;
– ukishuka papo hapo au injini ikitaka kuzima, mafuta ni kidogo: shusha jeti;
– ukipanda kidogo sana kisha ukarudi ulipokuwa, hapohapo acha.

Kosa la kawaida ni kuinua pistoni sentimita nzima. Hapo unaizima kabureta hiyo, na unachokisikia ni hali ya ile nyingine. Kabureta moja inaathiri nyingine kupitia bomba la katikati la manifoldi, kwa hiyo ukishagusa ya nyuma rudi ya mbele. Kila baada ya dakika tatu hivi ipandishe injini hadi 2,500 kwa nusu dakika ili plagi zisafike, la sivyo majibu yatakudanganya.

Mwisho kaza vyuma. Pini ya kila mkono wa aksileta iwe na nafasi ya inchi 0.012 (milimita 0.3) ndani ya uma wake, sawa pande zote mbili, ili sailensi itegemee skrubu na si waya. Kaza klempu, kisha pima hewa tena kwenye 1,500. Ikiwa kwenye 800 zinalingana na kwenye 1,500 hazilingani, klempu moja imetangulia nyingine. Choki pia: waya uwe na ulegevu wa milimita 1.5 hivi kabla jeti haijaanza kushuka, la sivyo jeti hazirudi juu na utahangaika na mchanganyiko usioeleweka.

---

Mtaa wa Gereji

Nakubaliana na yote, ila kila mtu amesahau oili ya dampa. Mtu akiweka ATF (oili ya gia za otomatiki) au oili ya cherehani, pistoni inaruka haraka ukikanyaga aksileta na gari linajikwaa. Usikimbilie kubadilisha sindano kabla hujaangalia hapo.

---

Dada Spana

Kweli, kaka. SAE 20 ndiyo iliyoandikwa kwa gari hili. Isipopatikana, 20W-50 ya injini inafanya kazi, ingawa asubuhi ya baridi ya Arusha pistoni itapanda kwa uvivu kidogo mpaka kuba lipate joto. Usawa unategemea kifuniko. Kifuniko cha dampa chenye kitundu cha hewa: oili iwe milimita 13 juu ya ncha ya fimbo yenye uwazi. Kisicho na kitundu: milimita 13 chini ya ncha hiyo. Ukijaza kupita kiasi inavutwa tu ndani ya injini, haitaleta madhara, ila usidhani inavuja.

---

Spoku72

Pampu ilikuwa inatoa PSI 5. Regyuleta imewekwa 2.5, mmwagiko umekwisha. Sailensi kweli ilikuwa vyuma, klempu ya nyuma ilishika kipepeo wazi. Sasa iko 800, pini zinajibu sawa pande zote mbili, jeti ya mbele imeishia pande 10 na ya nyuma 11. Ekzosti bado inalia kidogo ukiachia aksileta. Na suala la Tanga?

---

Kuba na Sindano

Pande 10 na 11 ni matokeo mazuri kwa urefu wa Arusha. Tofauti ya upande mmoja ni ya kawaida. Ikifika pande tatu rudi kwenye usawa wa maboya. Huo mlio mdogo tafuta kwenye kiungo cha bomba la ekzosti na manifoldi: shika kitambaa kinene karibu na kiungo injini ikiwa imetoka kuwashwa, ukiona kinapulizwa, hapo panavuja.

---

Mkerezaji

Tanga. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na SU haina namna ya kulijua hilo. Kwa hesabu, kabureta iliyowekwa sawa usawa wa bahari itatoa mafuta zaidi kwa takriban asilimia 7 ikipandishwa Arusha. Kwako ni kinyume: umetuna juu, ukishuka Tanga mafuta yatapungua kwa kiasi hichohicho. Mafuta kidogo na hewa nzito ndiyo hali inayofanya injini kugonga kwenye mlima na kuchoma vali.

Shusha jeti zote mbili upande mmoja kabla ya safari, na ufike Tanga ujaribu kwa pini. Huenda ikataka upande wa pili. Ukirudi Arusha rudisha. Weka alama ya rangi kwenye nati ili usipoteze hesabu. Ikigonga hata baada ya hapo, rudisha taimingi nyuma digrii 2 kabla hujashusha jeti tena, kisha ufungue plagi baada ya kupanda mlima kwa aksileta nzito na kuzima papo hapo: kahawia nyepesi ni sawa, nyeupe kama chokaa bado mafuta ni kidogo.